Mshahara wa mwanabiolojia wa wanyamapori: jibu kwa mhitimu anayejitolea porini

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina umri wa miaka 26, na nilihitimu shahada ya kwanza ya usimamizi wa wanyamapori kwa GPA ya 3.4. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa ninajitolea katika mradi wa utafiti wa wanyama wala nyama kusini mwa nchi. Ninapewa posho ya shilingi 300,000 kwa mwezi, sina mkataba, ila nimejifunza mengi. Serikalini nimeomba kazi mara kadhaa na kila mara nimeishia kwenye usaili wa mchujo. Mama anataka nisome stashahada ya uzamili ya ualimu. Mjomba yuko tayari kunichukulia mkopo wa SACCOS nikasome shahada ya uzamili, kwa kuwa anaamini mwenye uzamili hakosi kazi. Binamu yangu aliyeko Marekani ananiambia kwamba huko mwanabiolojia wa wanyamapori hulipwa zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka. Naomba ukweli: kazi hii inalipa kiasi gani hapa Tanzania, ina mustakabali wowote, na je, nichukue mkopo huo?"

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza mambo matatu, lakini chini yake nasikia hofu moja, kwamba umechagua fani isiyolipa na kwamba mwaka huo mmoja na nusu umekwenda bure. Nitakupa jibu fupi kwanza ili usisome huku moyo ukidunda: mkopo wa SACCOS usiuchukue, fani usiiache kwa sasa, na kujitolea kwa masharti uliyonayo leo usiendelee nako. Sababu za kila moja ni ndefu kidogo, na zote zinategemea jambo moja ambalo vyuo vyetu huligusia juu juu, nalo ni kwamba mshahara katika fani hii hufuata chanzo cha fedha za mwajiri kabla haujafuata cheti chako.

Tuanze na zile dola. Binamu yako hakukudanganya. Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023 zilionyesha kwamba mshahara wa kati wa wanabiolojia wa wanyamapori ulikuwa dola 70,600 kwa mwaka, yaani nusu yao walipata zaidi ya hapo na nusu walipata pungufu. Asichokueleza ni nani anayelipa. Wengi wao wameajiriwa na serikali za majimbo na serikali kuu, na idara za wanyamapori za majimbo huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa ada za leseni za uwindaji na uvuvi, pamoja na ushuru wa bunduki na risasi unaoelekezwa kwao na sheria ya mwaka 1937. Huko kuna mamilioni ya wawindaji wa kawaida wanaonunua leseni kila mwaka, na fedha zao ndizo zinazomlipa mtu wa kuhesabu kulungu. Mfumo huo hatuna, kwa hiyo kuibadili namba hiyo kwa shilingi kisha kujilinganisha nayo ni kujitesa bure. Hata mtu anayetaka kuhamia huko hushindania nafasi ambazo nyingi hutengwa kwa raia na wakazi wa kudumu.

Hapa kwetu fedha hutoka katika vyanzo vitatu, na kila kimoja kina tabia yake.

Cha kwanza ni utalii, unaopitia serikalini. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa lililoanzishwa mwaka 1959, na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, pamoja na TAWA iliyoanza kazi mwaka 2016 na kusimamia mapori ya akiba na mapori tengefu, ndizo mwajiri ambaye karibu kila mhitimu humwota. TANAPA na Ngorongoro zimejulikana kwa muda mrefu kwa masilahi bora kuliko ya mwenzako aliyeajiriwa na halmashauri kama afisa wanyamapori wa wilaya, na sababu haina fumbo: hifadhi zao ndizo zinazoingiza watalii. Lakini hapa pana kosa ambalo naliona kwa wahitimu wengi. Kazi nyingi wanazozitangaza ni za uhifadhi wenyewe, yaani ulinzi, doria, utalii na uhusiano na vijiji vya jirani, na tangu taasisi hizi ziingie katika Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, lile ambalo mitaani mnaliita Jeshi Usu, anayeingia hupitia mafunzo ya kijeshi na hupanda kwa vyeo vya kijeshi. Wanaikolojia wamo, ila ni wachache katika kila hifadhi. Ukitaka doria na uongozi wa hifadhi, njia ni hiyo na ni njia ya heshima. Ukitaka utafiti, usishangae kukuta kwamba kiti cha mtafiti ni kimoja na waombaji wamejaa ukumbi. Soma pia ukomo wa umri katika kila tangazo. Ajira za kawaida za utumishi wa umma huruhusu mwombaji hadi miaka 45, lakini za jeshi hili huweka ukomo wa chini zaidi, hasa kwa ngazi za askari, na wewe ukiwa na miaka 26 huna muda wa kuzubaa.

Utafiti wa serikali wenyewe uko TAWIRI, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980 na yenye makao makuu Arusha. Mtafiti huko hupanda ngazi kwa machapisho na kwa shahada za juu, na hapo uzamili ni sharti la kweli. Vyuo vikuu vya umma navyo humtaka mkufunzi msaidizi awe na GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza. Kwa GPA yako ya 3.4, mlango wa ualimu wa chuo kikuu ni mwembamba, na uzamili hauifuti namba hiyo kwenye karatasi. Nakueleza hili kwa uwazi kwa sababu mjomba anaweza kuwa anaweka fedha zake juu ya mlango huohuo.

Chanzo cha pili ni wafadhili wa nje, wanaopitia mashirika yasiyo ya kiserikali na miradi kama huo ulioko. Hapa ndipo mishahara ya juu zaidi ya Watanzania katika fani hii ilipo, na hapa ndipo ilipo hatari kubwa zaidi. Mkataba wako hudumu kadiri ruzuku inavyodumu. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo kulifunga shirika lake la misaada, USAID, watu waliokuwa na mishahara ya kuonewa wivu walipokea barua za kusitishiwa kazi ndani ya wiki chache, bila kosa lolote la kikazi.

Ili tofauti ya vyanzo hivi viwili isibaki maneno matupu, chukua kalamu. Nimechagua namba nyepesi kwa hesabu, wala sisemi ndiyo mishahara utakayopewa. Mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000 hukatwa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni wa PSSSF, yaani 50,000. Kodi ya mapato juu ya 950,000 zinazobaki ni 115,500. Bima ya afya asilimia 3 ni 30,000. Na kama alisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hukatwa asilimia 15, yaani 150,000. Mkononi anabaki na 654,500. Mwenzake wa shirika mwenye 1,500,000 hukatwa asilimia 10 ya mfuko wa pensheni wa NSSF, yaani 150,000, kodi 233,000 na HESLB 225,000, akabaki na 892,000. Unaona wa shirika amemwacha mbali. Sasa ruzuku ikiisha na akakaa miezi minne akisubiri mkataba mwingine, kwa mwaka ule atakuwa amepokea 7,136,000, ilhali yule wa serikali amepokea 7,854,000 na hajakosa usingizi hata usiku mmoja. Kwa hiyo ukisikia mtu analipwa vizuri, muulize pia kwa miezi mingapi kwa mwaka, na nani anamlipia bima.

Serikalini tangazo la kazi halitaji fedha, hutaja ngazi, mathalani TGS D, au husema mshahara ni kwa mujibu wa viwango vya taasisi husika. Ngazi hizo hurekebishwa mara kwa mara. Julai 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Namba unazozikuta zikizunguka kwenye makundi ya simu mara nyingi ni za miaka iliyopita. Afisa utumishi wa halmashauri yoyote anao waraka unaotumika, na hakuna siri ndani yake. Hesabu pia posho za kujikimu za safari, ambazo kwa mtu wa porini zinaweza kuwa sehemu kubwa ya kipato cha mwezi, ingawa benki haizihesabu unapoomba mkopo wa nyumba na mfuko wa pensheni hauzitambui.

Chanzo cha tatu ndicho wahitimu wengi hawakioni kabisa: kampuni ambazo sheria inazilazimisha kuajiri wanabiolojia. Mradi mkubwa hauanzi bila tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini hiyo huhitaji mtu wa kueleza ni wanyama gani wapo, wanapita wapi na mradi utawafanya nini. Reli ya kisasa ilihitaji kazi hiyo. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, lilihitaji kazi hiyo. Nchini Kenya, katika mitambo ya umeme wa upepo ya Kipeto huko Kajiado, wapo waangalizi wa ndege ambao kazi yao ni kutazama anga na kuagiza mtambo usimamishwe tumbusi wanapoukaribia; hiyo ni ajira ya mwanabiolojia inayolipwa na kampuni ya nishati. Malipo ya ushauri huu kwa kawaida huhesabiwa kwa siku na huzidi ya serikali kwa mbali, ila huja kwa msimu. Wataalamu wa tathmini husajiliwa, nchini kwetu kupitia NEMC, chombo cha serikali cha usimamizi wa mazingira, na kijana huanza kama msaidizi chini ya aliyesajiliwa. Mimi ningependa kuona vijana wetu wengi zaidi wakiuangalia upande huu, badala ya wote kusongamana kwenye lango moja la hifadhi.

Sasa nije kwenye kitu kinachomtenga anayelipwa na anayepewa posho, kwa kuwa katika vyanzo vyote vitatu ni kilekile. Fikiria sensa ya tembo kwa ndege ndogo. Rubani anafuata mistari iliyopangwa kwenye ramani, na kwenye mihimili inayoshikilia mabawa zimefungwa fimbo mbili kila upande. Mwangalizi aliyeketi nyuma huwahesabu wale tu wanaoonekana kati ya fimbo hizo, na kundi likiwa kubwa hulipiga picha ili lihesabiwe upya mezani. Ndege ikitua, mwangalizi amemaliza kazi yake na posho yake iko tayari. Kazi iliyobaki ni ya mwingine: kupima upana halisi wa kipande kilichoangaliwa, kukadiria idadi ya eneo lote kutokana na sehemu iliyohesabiwa, na kusema kosa linaloweza kuwemo ni kubwa kiasi gani. Hesabu za namna hiyo ndizo zilizoonyesha kwamba tembo wa Tanzania walishuka kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014, na baada ya namba hiyo hakuna aliyeweza kusema ujangili ni uvumi. Waziri, mfadhili na kampuni ya bomba wote hununua kitu kimoja, yaani namba inayostahimili maswali. Macho makali, uvumilivu wa jua na upendo kwa wanyama vinahitajika, lakini wenye navyo ni wengi. Wanaoweza kuchukua data chafu za miezi sita na kuzigeuza kuwa makadirio yenye kiwango cha kosa ni wachache, nami nimekaa kwenye meza za usaili mara nyingi kiasi cha kuona jinsi chumba kinavyobadilika anapoingia mmoja wao. GPA hakuna aliyeiuliza tena.

Wewe uko mahali pazuri kuliko unavyodhani. Mradi wa wanyama wala nyama kwa kawaida una mitego ya kamera, na chui hutambuliwa mmoja mmoja kwa madoa yake. Kutokana na nani amepigwa picha mara ngapi na wapi, hukadiriwa idadi yao kwa eneo. Mwombe msimamizi wako kipande kimoja cha data ukichambue, kwa makubaliano ya maandishi kuhusu jina lako kuwemo kwenye ripoti au makala. Programu ya R ya takwimu na ile ya ramani ya QGIS zote ni za bure, na kompyuta ya kawaida inatosha kuzianza. Miezi sita ya jioni zako ikiishia kwenye ramani moja nzuri na jedwali moja sahihi, utakuwa na cha kuweka mezani ambacho cheti chako hakikukupa. Kama ungependa kuvuka mpaka, jifunze Kifaransa, kwa sababu hifadhi za Virunga na Garamba ziko upande wa Kongo, na Mtanzania mwenye Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa pamoja na takwimu hana washindani wengi.

Kuhusu uzamili, simpingi mjomba katika wazo, nampinga katika njia. Uzamili wa kulipiwa kwa mkopo wenye riba, unaoanza kurejeshwa ukiwa bado darasani, huku huna kipato, unaweza kukulazimisha kukubali kazi yoyote nje ya fani siku ya kuhitimu, na hapo utakuwa umelipa ada ili uiache fani. Uzamili unaofaa kwako ni ule ulioshonwa ndani ya mradi, ambapo mradi unagharimia kazi ya porini na mara nyingine ada, nawe unaleta tasnifu wanayoihitaji. Miradi mingi hutenga nafasi hizo na huwapa watu inaowafahamu tayari, jambo ambalo ni faida yako. DAAD ya Ujerumani ina ufadhili wa kusoma hukuhuku Afrika, na mfuko wa Rufford wa Uingereza hutoa ruzuku ndogo kwa wahifadhi wanaoanza, zinazoweza kugharimia utafiti wa tasnifu. Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha na chuo kikuu cha SUA cha Morogoro zote zinafundisha ngazi hiyo. Ukikosa ufadhili mwaka wa kwanza, omba wa pili. Data zako zitakuwa zimenenepa.

Mama naye usimpuuze. Mwalimu wa biolojia ana soko kila wilaya, likiwemo la shule binafsi, ilhali mwanabiolojia wa wanyamapori ana soko katika maeneo machache ya nchi. Kama una wadogo wanaokutegemea sasa hivi, au kama upweke wa kambini umeanza kukula, ualimu si kushindwa, na nitakuunga mkono. Lakini kama hali ya nyumbani inaruhusu, mwombe mwaka mmoja wenye masharti: mwisho wake uwe na mkataba, au barua ya ufadhili, au uchambuzi uliokamilika. Usipopata hata kimoja, jisajili chuoni bila kinyongo. Mzazi hukubali kwa urahisi zaidi anapoona tarehe kuliko anapoona ndoto.

Nimeacha la kujitolea mwishoni kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Miezi mitatu au sita ya kujifunza bila mshahara ni kawaida katika fani hii. Mwaka mmoja na nusu wa kazi ya kila siku, yenye saa na majukumu, bila karatasi yoyote, ni kitu kingine. Nyati akikujeruhi kesho, au gari la mradi likipinduka, ni nani atalipa hospitali? Mfanyakazi mwenye mwajiri anayechangia ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nyuma yake. Wewe huna uhakika wa chochote. Mwendee msimamizi kwa adabu, ukiwa na orodha ya kazi ulizofanya, na uombe mambo matatu kwa maandishi: cheo na muda, bima ya afya na ajali, na ruhusa ya kutumia data. Miradi mingi yenye sifa nzuri hukubali angalau mawili ya mwisho hata fedha zikiwa chache. Wakikataa yote matatu, wamekujibu.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kama unaona kazi yako ilikuwa ajira kamili iliyofichwa kwa jina la kujitolea, nenda ana kwa ana kwenye ofisi ya kazi ya mkoa ukiwa na jumbe za maagizo, ratiba za zamu na kumbukumbu za malipo ya posho. Kuhusu deni lako la elimu ya juu, fika ofisi ya HESLB ya kanda upate taarifa yake iliyoandikwa kabla hujasaini mkopo mwingine wowote. TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, huwaunganisha wahitimu na nafasi za mafunzo kazini, na kule utazungumza na mtu, si na tovuti. Na kongamano la kisayansi la TAWIRI, linalofanyika Arusha kila baada ya miaka miwili, usilikose ukipata nauli: wakuu wa miradi huwa wamesimama pale kwenye chai, na ukiwa na ramani yako ya chui mkononi una la kuzungumza nao.